Jinsi ya kusajili spishi mpya ya kuvu wadogo wa majani yanayooza

Hakuna ofisi inayokupa jina la kuvu mpya. Jina unalitoa mwenyewe kwa kulichapisha, na Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Mwani, Kuvu na Mimea ndiyo huamua kama limesimama au limeanguka. Kinachoombwa ni namba ya usajili. Tangu tarehe 1 Januari 2013, jina ambalo namba hiyo haimo katika chapisho lake la kwanza huhesabiwa kuwa halijachapishwa. Kujaza fomu ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuandaa yale ambayo fomu itakuuliza, na hasa holotaipu, yaani kielelezo kimoja ambacho jina litafungwa nacho.

Kibali kwanza

Kama majani yametoka katika nchi yenye sheria za upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki, kibali kipatikane kabla ya kuokota. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu rasilimali hizo, ilianza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014. Kibali kinachotafutwa baada ya makala kukubaliwa husumbua kuliko hatua zote zinazofuata.

Hakikisha kweli ni mpya

Tandaza majani kwenye kisahani cha petri chenye karatasi ya chujio iliyolowa. Ilowe tu, majani yasielee. Yaache kwenye joto la chumba na uyakague kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa, maana kuvu wa majani hupokezana: wa wiki ya kwanza si wa wiki ya sita. Angalia utitiri. Mmoja akiingia hutembea kisahani hadi kisahani akibeba spora, na ukija kuotesha hujui tena kipi kimetoka wapi.

Pima angalau spora 30 zilizokomaa, pamoja na vikonyo na seli zinazozizalisha. Taja kama ulipima kwenye maji au kwenye asidi ya laktiki, kwa sababu vipimo vya kuvu yuleyule vinaweza kutofautiana, na kuna "spishi mpya" ambazo upya wake wote umo kwenye tofauti hiyo.

Kwa DNA, anza na eneo la ITS (praima, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili, ni ITS1F na ITS4), kisha eneo la LSU (praima LR0R na LR5). Usiamue kwa asilimia ya kufanana peke yake. Kuna jenasi ambazo ITS haitenganishi spishi zake, na GenBank, hifadhidata ya umma ya mifuatano ya DNA, ina mifuatano mingi iliyopewa majina yasiyo sahihi. Linganisha kwanza na mifuatano iliyotoka kwenye vielelezo vya asili, yaani vile ambavyo majina yamefungwa navyo. Tafuta pia majina ya hatua zote mbili za maisha ya kuvu, ile ya kujamiiana na isiyo ya kujamiiana. Desturi ya kuzipa hatua hizo majina mawili ilikoma mwaka 2013, lakini majina ya zamani bado yapo na yana haki ya kutangulia.

Holotaipu

Hapa ndipo majina mengi huangukia. Holotaipu lazima iwe katika hebaria moja (hifadhi ya vielelezo vya mimea na kuvu), na hebaria hiyo itajwe. Kugawa kipande kwa hebaria mbili kunaruhusiwa, ila moja tu ndiyo yenye holotaipu. Kilichobaki huitwa isotaipu.

Inaweza kuwa jani kavu, slaidi ya kudumu, au kuvu aliyeoteshwa. Kuvu aliye hai hakubaliki. Lazima awe amekaushwa kwa baridi au kugandishwa mpaka shughuli zote za mwili wake zisimame. Tangu 2019, makala yenyewe inapaswa kusema wazi kuwa amehifadhiwa katika hali hiyo. Sentensi moja tu, lakini bila hiyo jina halisimami. Mfuatano wa DNA peke yake hauwi holotaipu. Mchoro unaweza kukubaliwa kwa kuvu wadogo pale tu ambapo kuhifadhi kielelezo kumeshindikana kweli.

Jani moja linaloweza kubeba kuvu watano linahitaji alama. Zungushia kwa penseli mahali hasa alipo kuvu wako, kisha weka slaidi katika bahasha ileile. Mtafiti wa miaka ijayo akifungua bahasha akakuta jani lenye madoa kila upande, atachagua doa lisilo lako.

Peleka kielelezo hebaria mapema, upate namba yake kabla ya kujaza fomu.

Kuomba namba

Sajili zinazotambuliwa ni MycoBank, Index Fungorum na Fungal Names. Chagua moja. Kusajili jina moja sehemu mbili huzaa namba mbili na mkanganyiko usio na faida. Subiri makala ikubaliwe kwanza, kwa sababu wahakiki hubadilisha majina.

Fomu itauliza jina, waandishi wake, cheo (spishi), holotaipu na hebaria, na maelezo. Kabla ya kuandika jina, hakikisha halijatumiwa tayari katika jenasi hiyo, na kivumishi kifuate jinsia ya jenasi: *Beltrania* hudai -a, *Cladosporium* hudai -um.

Maelezo yawe kwa Kilatini au Kiingereza. Lugha nyingine haikubaliki, hata kama makala nzima imeandikwa kwa lugha hiyo. Taja waziwazi kinachomtofautisha kuvu wako na ndugu zake wa karibu.

Kwenye makala

Mstari wa msingi uonekane hivi:

*MycoBank MB (namba). Holotypus: jani kavu la (mti), (mahali, tarehe, mkusanyaji), hebaria K, namba (ya kielelezo).*

K ni kifupi cha hebaria ya Kew; weka kifupi cha hebaria yako. Neno "holotypus" au "typus", au mfano wake katika lugha ya makala, ni la lazima. "Kielelezo kilichochunguzwa" halitoshi.

Chapisho la mtandaoni linakubalika tangu 2012 kama ni PDF yenye ISSN au ISBN (namba ya utambulisho ya jarida au kitabu). Toleo la awali ambalo bado litarekebishwa halihesabiki. Jihadhari na vitabu vya muhtasari wa mikutano: usiweke jina jipya humo, kwani litaanza kutajwa na watu kabla halijawa jina.

Makala ikitoka, irudie sajili uliyotumia na ujaze jarida, juzuu, ukurasa na tarehe.

Ukigundua baadaye kuwa sharti moja lilikosekana, jina huhesabiwa kuanzia siku sharti la mwisho lilipotimizwa, si siku ya makala ya kwanza. Mtu mwingine akiwa amempa kuvu huyohuyo jina halali katikati ya siku hizo mbili, lake ndilo litakalotumika.