Somo: Kununua Land Rover ya zamani Nairobi kwa ajili ya kuifufua

Kila mara naulizwa lilelile: "Nimeona Series III mahali, bei poa, nichukue?" Nimechoka kujibu kipande kipande, kwa hiyo somo zima ni hili. Nazungumzia Series II (kuanzia 1958), IIA (1961) na III (1971 hadi 1985). Mwenye Land Cruiser FJ40 pia litamfaa, ila akumbuke gari lake ni chuma juu hadi chini, na kutu hula popote.

Hatua 1. Chagua urefu. Ya inchi 88 (kipimo ni kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma) inatosha uani. Ya inchi 109 inakula nafasi na pesa.

Hatua 2. Tafuta humu nchini. Sheria ya kuagiza magari inakataa yaliyozidi miaka 8. Zipo nyingi mashambani, na kuna zilizounganishwa Thika enzi za Leyland Kenya. Ukiwa na la Nanyuki na la Mombasa, anza na la Nanyuki. Chumvi ya bahari haina huruma.

Hatua 3. Nenda mchana, injini ikiwa baridi. Ukikuta imeshawashwa, subiri ipoe.

Hatua 4. Chasi. Hapa usiharakishwe na mtu. Bodi ni ya alumini, kwa hiyo gari linaweza kung'aa juu na huku chini limekwisha. Vaa ovaroli, lala chini na tochi, nyundo ndogo na bisibisi. Anza na boriti ya nyuma kabisa, ile ya kuvutia trela. Tope huingia ndani yake, hukaa humo msimu hadi msimu, na chuma huoza kutoka ndani. Gonga. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hutoa mlio uliokufa. Kisha sukuma bisibisi chini ya boriti, kwenye mikono ya pembeni inayobeba bodi, na pembe mbili za mbele zinazoshika springi. Ukikuta lami nyeusi mbichi imepakwa chini kote, omba ukwangue kidogo. Akikataa, mshukuru uende. Bamba jipya lililochomelewa juu ya bamba lililooza nalo usilipokee kama ukarabati.

Sasa onyo. Nambari ya chasi imegongwa kwenye pembe ya mbele ya kulia, na pembe hizo ni kati ya sehemu zinazooza mapema. Kuna gari nililiona kwenye gereji moja ya jua kali: fundi amekata pembe yote, amechomelea mpya, kazi safi kabisa, na kipande chenye nambari kimeshapimwa kwenye mizani ya vyuma chakavu. Mwenye gari akabaki na logbuku (hati ya umiliki) isiyo na chuma cha kulingana nacho. Kwa hiyo sugua hapo kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, soma tarakimu moja moja, linganisha na kibati cha nambari na logbuku, piga picha. Tarakimu zilizosagwa, zilizogongwa zikapinda mstari, au pembe mpya tupu: usinunue, hata kwa bei ya kutupa. Kuchezea nambari ni kosa la jinai, na wa kwanza kuulizwa na wapelelezi wa DCI ni aliyekutwa na gari.

Hatua 5. Injini na giaboksi. Injini ya lita 2.25 inafufuka, spea utazipata Grogan. Kwenye II na IIA, gia ya kwanza na ya pili kukwaruza ukiharakisha ni kawaida. Ikiruka yenyewe ukiachilia mafuta, punguza bei.

Hatua 6. Makaratasi. Tafuta rekodi ya gari NTSA (mamlaka inayosajili magari) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoa hata shilingi. Angalia jina, nambari ya injini, na kama kuna mkopo juu yake. Muuzaji aanzishe uhamisho mwenyewe ukiwa hapo.

MASWALI

Mwanachama, Ruaka: Bei ni ngapi?
Jibu: Bei ya ipi? Soma hatua ya 4 na ya 6.

Mwanachama, Kitengela: Nimeshalipa arubuni. Rangi ni mpya kabisa, chini sijaangalia.
Jibu: Ndugu, rudi leo na nyundo. Rangi haibebi gari.

Mwanachama, Embakasi: Unadharau sisi tuliotia injini ya Isuzu?
Jibu: Hakuna mahali nimedharau. Dizeli ya Isuzu ni injini ya kazi. Nilichosema ni nambari ilingane na rekodi. Kama umebadilisha injini, peleka mabadiliko NTSA, basi.

Mwanachama, Nyahururu: Land Rover ni ya marehemu babu, IIA, na shosho anataka niifufue. Logbuku bado ina jina la babu. Nianzie wapi?
Jibu: Dada, swali zuri sana. Anzia mahakamani, gereji baadaye. Familia ichukue hati ya usimamizi wa mirathi, gari liorodheshwe kwenye mali ya marehemu, na hati ikishathibitishwa ndipo uhamisho ufanyike. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza kuingilia mali ya marehemu bila idhini, kwa hiyo hata usiuze vipande vyake. Kwa sasa liwekwe chini ya paa, lipandishwe juu ya mawe, na chasi ioshwe tope. Nitumie picha ya ile pembe ya kulia, nitakusaidia kuisoma.

Mwanachama, Karen: Aongezewe hili: IIA za mapema, chanya ya betri ndiyo inayoenda kwenye bodi. Asifunge betri kwa mazoea.
Jibu: Ahsante mzee wangu, hilo linaunguza vitu. Na anunue spana za inchi kabla ya kufungua chochote. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi lakini inacheza, na nati yenye kutu ikishaviringika pembe zake, kinachobaki ni patasi au moto.

Mwanachama, Nyahururu: Seti ya inchi nitaipata wapi?
Jibu: Gikomba, kwa wauza vyombo vya mitumba. Beba boliti moja ya gari ujaribishe hapohapo.