Kubadilisha vilengeo vya bunduki ya zamani ya wenzo, Marlin 336

Toa risasi zote, pamoja na zilizo kwenye bomba chini ya mtutu, kisha kagua chemba kwa kidole.

Kilengeo cha nyuma kinachofaa zaidi ni cha tundu (unalenga kwa kutazama kupitia tundu dogo), cha kampuni ya Williams au Lyman. 336 nyingi zina matundu ya skrubu tayari. Skrubu zisiwe ndefu, zitagusa bolti na wenzo wa kukokia utakwama. Tone la gundi ya skrubu linatosha.

Kilengeo cha zamani kwenye mtutu lazima kiondoke, kitakuziba usione vizuri kupitia tundu. Weka mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, kisha kigonge kwa kipande cha shaba kutoka kushoto kwenda kulia, ukitazama kwa nyuma. Chuma kitakwaruza mtutu. Kilengeo kipya cha mbele huingia kulia kwenda kushoto. Kikilegea, usilazimishe gundi, nunua kinachobana.

Tundu hukaa juu zaidi, hivyo risasi hupanda: kilengeo cha mbele kiwe kirefu zaidi. Zidisha kosa (risasi ilivyopotoka kwenye shabaha) kwa umbali kati ya vilengeo, gawanya kwa umbali wa shabaha. Sentimita 10 juu kwenye mita 100, vilengeo vikiachana sentimita 60: ongeza milimita 0.6. Nunua kirefu kidogo. Tupa ya kusugulia chuma hupunguza, hairudishi.