Jinsi ya kuushuku uvimbe wa tezi ya pituitari pale dalili zinapopotosha

Tezi ya pituitari, inayotoa homoni za mwili, ni ndogo kama punje ya njegere. Imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua, na juu yake tu hupita mishipa ya fahamu ya macho. Uvimbe wake kwa kawaida si saratani, lakini huchelewa kugundulika kwa sababu kila dalili hupelekwa kliniki yake: aliyekosa hedhi huenda kwa daktari wa wanawake, anayeumwa kichwa hupimwa malaria, na dereva wa bodaboda wa Moshi anayegonga vitu vya pembeni huambiwa anunue miwani.

Kwa hiyo tabibu wa zahanati ayaandike malalamiko yote pamoja, hata yale yanayoonekana hayahusiani. Aulize kuhusu maziwa yanayotoka bila kunyonyesha, pete isiyovulika tena, viatu vilivyoanza kubana ukubwani, na, kwa mwanamume, kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo wengi hawalisemi wasipoulizwa faraghani.

Kisha apime upana wa kuona, kwani mgonjwa anaweza kusoma chati yote ya herufi na bado asione pembeni. Tabibu, wewe na mgonjwa mketi mkitazamana, umbali wa kama mita moja. Afunike jicho moja, nawe ufunike lako linaloelekeana nalo, halafu, akiwa amekazia macho usoni pako, sogeza kidole kinachochezacheza kutoka upande wa sikio kuelekea katikati. Rudia kwa jicho la pili. Ikiwa kwa macho yote mawili wewe unakiona kidole kabla yake, mwandikie rufaa.

Maabara nayo hudanganya. TSH (homoni ya pituitari inayoiamsha tezi ya shingo) inaweza kuwa ya kawaida huku T4 (homoni ya tezi hiyo ya shingo) iko chini, hivyo ziombwe zote mbili. Prolaktini, homoni ya maziwa, hupanda pia kwa ujauzito au kwa metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika. Na uvimbe ukiwa mkubwa lakini prolaktini imepanda kidogo tu, sampuli izimuliwe na kupimwa upya, kwa kuwa kiwango kikubwa mno huweza kusomeka kidogo. Picha ya CT (ya eksirei) huweza kuukosa uvimbe mdogo. Ile ya MRI (ya sumaku) ni bora zaidi.

Maumivu makali ya ghafla ya kichwa, kutapika na kope kulegea hufanana na homa ya uti wa mgongo, kumbe huenda uvimbe umevuja damu. Shinikizo la damu likishuka, apewe haidrokotizoni (dawa ya kufidia homoni ya kotisoli) miligramu 100 kwenye mshipa, kisha apelekwe KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, siku hiyohiyo.