Utakatifu hadi kwenye kopo la dagaa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Hii ni kwa sisi tunaouza dagaa hapa Kigoma, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji.

Mambo ya Walawi 19 inaanza na Mungu akiwaambia watu wake wawe watakatifu kwa kuwa yeye ni mtakatifu. Usiishie hapo, soma sura yote. Mstari wa 13 unakataza kulala na ujira wa kibarua mpaka asubuhi; ya 35 na 36 inadai mizani na vipimo vya haki. Utakatifu wake unafika mpaka sokoni.

Kwa hiyo kabla hujafungua biashara kesho, geuza kopo lako uangalie kitako. Kama kimebonyea kuingia ndani, mteja anapunjwa kila unapompimia, hata ukimjazia mpaka juu. Litupe, wala usimpe jirani alitumie. Dagaa walioanikwa mchangani usiwachanganye na wa kwenye chanja ukauza wote kwa bei ya chanja. Mnunuzi akiuliza, mwambie ukweli. Asipouliza, mwambie vilevile.

Na akina mama wanaokuanikia dagaa, walipe jioni ileile, hata kama mteja wako wa jumla hajatuma pesa. Hili ndilo gumu kuliko yote, maana mitaji yetu ni midogo. Tenga hela yao asubuhi, ifunge mbali na ya chenji, isiguswe hata kwa sadaka.