Mtoto wa Tanga unayetaka kuwa mtafiti wa ini, anza hivi

Wadogo zangu mnaosoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) hapo Tanga mnaniuliza sana, mtu anafikaje kwenye kazi ya kuchunguza jinsi ini linavyojijenga upya likikatwa au likiumia, na je lazima uwe umezaliwa Ulaya. Sio lazima. Ila kuna mambo ya kupanga mapema, mengine unaweza kuyaanza wiki hii hii hapo hapo mjini.

Kwanza uelewe ini lenyewe linafanya nini maana wengi wanadhani linaota kama mkia wa mjusi, hapana. Panya ukimtoa theluthi mbili za ini, ndani ya siku 7 mpaka 10 hivi uzito wa ini unakuwa umesharudi, lakini vile vipande ulivyokata havirudi, vile vilivyobaki ndo vinanenepa, seli zinagawanyika mpaka ini litoshe mwili wa huyo panya, afu zinaacha. Upasuaji huo waliuandika Higgins na Anderson mwaka 1931 na mpaka leo maabara duniani zinautumia. Kuacha ndo kunakoshangaza zaidi kuliko kuanza, maana seli zinazogawanyika zisijue pa kusimama hiyo ni kansa.

Sasa ushauri wangu mkubwa ni huu, chagua swali kabla hujachagua chuo. Watu wanafanya kinyume, anatafuta skolashipu popote, anapewa projekti ya mtu mwingine, miaka minne inapita hajui alikuwa anatafuta nini. Maswali makubwa yapo matatu. Moja ni nini kinaliamsha ini, na hapo ukasome kazi ya Moolten na Bucher ya 1967, waliunganisha mzunguko wa damu wa panya wawili, mmoja kakatwa ini mwingine mzima, na ini la yule mzima likaanza kujiandaa kugawanya seli, yani kuna kitu kinasafiri kwenye damu. Miaka ya 80 ndo kikapatikana kimoja cha hivyo vitu, protini inayoitwa HGF, akina Toshikazu Nakamura kule Japani na George Michalopoulos Marekani wameifanyia kazi sana. Swali la pili ni hilo la kusimama. La tatu, kwanini ini la mtu mwenye homa ya ini ya miaka mingi linashindwa kujijenga, linajaa makovu mpaka linakuwa gumu, ndo sirosisi.

Mi kwa maoni yangu Mtanzania achukue hilo la tatu. Sisemi mengine hayafai, ila hili wagonjwa wake tunao wodini. Homa ya ini B ipo, kichocho cha matumbo kule kanda ya ziwa kipo, sumukuvu (sumu ya ukungu) kwenye mahindi na karanga ipo, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu. Ukienda kwenye usaili wa PhD ukiwa na swali lenye watu nyuma yake unaongea tofauti kabisa na yule aliyekariri.

Shule nitapita haraka. PCB form six, na hesabu usiziache maana takwimu utazihitaji maisha yako yote. Digrii kuna milango mitatu: udaktari wa binadamu (Muhimbili, KCMC, Bugando), baiolojia ya molekuli pale UDSM, au veterinari SUA, chuo cha kilimo cha Morogoro. Huu wa tatu watu wanaudharau na wazee nyumbani watakuuliza mbona unaenda kutibu ng'ombe, lakini daktari wa mifugo anajua kumlaza mnyama usingizi, kumpasua, kumshona na kumwamsha salama, na utafiti wa ini unategemea sana mikono hiyo. Maombi ya mkopo HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) fanya mapema, vyeti vya kuzaliwa vihakikiwe kabla dirisha halijafungwa.

Haya tuje kwenye kitu cha kufanya sasa. Nenda buchani asubuhi kabla hawajaanza kukata, nunua ini zima la mbuzi, mwambie muuzaji asiligawe na asitoe nyongo na aache mishipa mirefu kidogo. Liweke kwenye sinia, upande uliokuwa unaangalia tumbo uwe juu. Utaona sehemu kama mlango, mirija mitatu inaingia na kutoka pamoja: mmoja mnene laini unaleta damu kutoka utumboni, mwingine mwembamba mgumu kidogo unaleta damu yenye oksijeni, na wa tatu ni wa nyongo. Chukua sirinji isiyo na sindano na kamrija kadogo, ingiza kwenye ule mnene, funga na uzi, sukuma maji taratibu, taratibu kweli usipasue. Damu iliyoganda inaweza kukusumbua mwanzo lakini likikubali utaona maji mekundu yanatokea upande uliokuwa unaelekea kifuani, kwenye mishipa mingine kabisa, na ini linaanza kupauka sehemu kwa sehemu, kutoka kahawia mpaka rangi ya mchanga. Hapo umeona kwa macho yako damu inavyopita ndani ya ini, kitu ambacho mchoro wa kitabu hauwezi kukuonesha.

Na maabara tunafanya hivyo hivyo tu. Tofauti ni kwamba tunapitisha maji ya chumvi ya uvuguvugu yasiyo na kalsiamu (maji matupu yanapasua seli), afu tunafuatisha kimeng'enya kinaitwa kolajenesi kinachoyeyusha nyuzi zinazoshikilia seli. Ini linalegea, ukiligusa kwa kibanio linabonyea na halirudi, ukilitikisa kwenye bakuli seli zinamwagika kama wingu. Unazichanganya na rangi ya bluu, unaangalia kwenye hadubini, iliyokufa inaingia bluu na iliyo hai inabaki nyeupe inang'aa pembeni. Unahesabu zote, na kama zilizokufa ni nyingi unatupa unaanza upya kesho, usijaribu kubembeleza seli mbovu zikupe majibu mazuri.

Tena ukiwa machinjioni muombe mkaguzi wa nyama akuoneshe ini la ng'ombe alilolikataa kwa sababu ya minyoo bapa. Mirija ya nyongo imekuwa minene, migumu, myeupe, ukikata inakwaruza kisu. Hilo ni kovu. Lishike, ulinganishe na ini zima, utaelewa kwanini nasema swali la tatu ndo zito. Nawa mikono vizuri na hilo sinia lisirudi jikoni.

Baada ya hapo tafuta benchi, yani nafasi kwenye maabara. Tanga mna bahati ambayo mikoa mingi haina, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) wana kituo mjini na kingine cha Amani kilichopo Muheza, na Korogwe ilikuwa kati ya vituo 11 vya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, pamoja na Bagamoyo. Utasema hao ni watu wa malaria, sawa, lakini kijidudu cha malaria kikitoka kwa mbu kinaenda kwanza kwenye ini, kinakaa karibu wiki kinazaliana ndani ya seli za ini ndo kinaingia kwenye damu. Andika barua ya kujitolea, fupi, peleka kwa mkono. Hata wakikupa kazi ya kuandika lebo na kupanga friza ichukue, utajifunza pipeti na utajifunza daftari.

Daftari nalisisitiza jamani. Tarehe, saa, jina la kemikali na namba ya chupa, nani alifanya. Saa sio urembo, utafiti uliotoka Japani mwaka 2003 ulionesha kwa panya kwamba saa ya ndani ya mwili inaamua lini seli za ini zinazojijenga zitagawanyika, kwahiyo ukimpasua mmoja asubuhi na mwingine jioni afu ukalinganisha, umelinganisha saa badala ya dawa.

Wanyama usiwaguse bila vibali na bila mwalimu. Panya aliyetolewa ini sukari inamshuka na baridi inamuua, anataka joto na maji yenye glukosi, na anayefanya haraka haraka anafunga uzi karibu mno na mshipa mkubwa wa damu, anaubana. Siku hizi pia kuna maini madogo madogo yanayokuzwa kwenye sahani kutokana na seli, organoidi, Meritxell Huch na Hans Clevers walionesha njia mwaka 2013 kwa seli za panya, na hiyo inapunguza idadi ya wanyama.

PhD nje, andikia supavaiza imeili ya mistari nane isizidi. Usianze na shida zako wala kumsifia. Taja kazi yake moja uliyoisoma (PubMed Central, maktaba ya makala za utafiti mtandaoni, ni bure, bando tu), taja picha gani ndani yake ilikukwaza na kwanini, sema unaweza kufanya nini kwa mikono yako. Omba na skolashipu za DAAD (Ujerumani) au Commonwealth (Uingereza) wakati huo huo usisubiri jibu. Na kabla hujasaini ongea na mwanafunzi wake wa sasa kwa simu, muulize supavaiza anapatikana mara ngapi, maana jina kubwa ambalo halikai maabara litakuacha peke yako na panya wako.

Kuhesabu kutoka form six mpaka uitwe daktari wa utafiti ni miaka 10 na zaidi, nyumbani waambie mapema ili wasikusubirie mshahara mwaka wa tano.

Na kabla hujashika damu au kipande cha ini la binadamu popote, nenda kapime homa ya ini B. Ukikutwa huna, chanja dozi zote tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza, na kadi yake itunze pamoja na vyeti vya shule maana maabara nyingi watakudai.