Ziwa Titicaca kwa shanta mgongoni: kutoka Puno hadi Isla del Sol

Titicaca liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari, kati ya Peru na Bolivia. Kambi ya Horombo pale Kilimanjaro iko mita 3,720. Hapa basi utalala juu ya Horombo kila usiku, na vilima vya visiwani vinaanzia hapo. Ndiyo maana njia hii naipanga kwa kufuata pumzi ya msafiri kwanza, mandhari baadaye.

Hatua ya 1: Panda polepole. Usiruke kwa ndege kutoka Lima, iliyo pwani, moja kwa moja hadi Juliaca, penye uwanja wa ndege ulio karibu na Puno. Pitia Arequipa, kama mita 2,300, ulale siku mbili tatu, ndipo upande basi la Puno, mji wa Peru ulio kando ya ziwa. Kunywa maji, acha pombe. Chai ya majani ya koka utakaribishwa kila mahali. Inywe ukipenda, ila usirudi nyumbani na majani yake, kwani nchi nyingi huyahesabu kuwa dawa za kulevya. Kichwa kikiuma, usiongeze mwinuko. Ukianza kuyumba, au ukakosa pumzi hali umekaa tu, shuka siku hiyohiyo. Kwa hilo sibembelezi mtu.

Hatua ya 2: Punguza mzigo. Vitu vizito viache kwenye nyumba ya wageni Puno. Beba koti zito, kofia ya sufu, miwani na losheni ya jua, taa ya kichwani, na noti ndogondogo za sol, fedha ya Peru. Usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya sifuri, na mchana jua linababua.

Hatua ya 3: Lala kisiwani Amantaní. Boti huondoka Puno asubuhi, na nyingi hupitia Uros, visiwa vinavyoelea vilivyojengwa kwa matete ya totora. Wengi hugeuza siku hiyohiyo. Wanakosa kilicho bora. Amantaní utalala kwa familia ya Waquechua, wenyeji wa milima ya Andes, ule supu ya nafaka ya kinoa na viazi vyao. Wapelekee mchele, sukari au matunda. Jioni panda taratibu kilima cha Pachatata, zaidi ya mita 4,000, ulione ziwa likibadilika rangi.

Hatua ya 4: Taquile. Wanaume ndio hufuma kofia hapa, na ufumaji wa kisiwa hiki ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Mwombe nahodha akushushe gati la upande wa Amantaní, ili zile ngazi zaidi ya 500 za bandari kuu uzishuke badala ya kuzipanda.

Hatua ya 5: Vuka mpaka. Rudi Puno, panda basi la Copacabana, mji wa Bolivia ulio kando ya ziwa, kupitia kituo cha mpakani cha Kasani. Viza ya Bolivia na kadi ya chanjo ya homa ya manjano viwe tayari kabla hujatoka nyumbani. Sogeza saa mbele kwa saa moja, la sivyo boti ya mchana ya kwenda Isla del Sol itakuacha.

Hatua ya 6: Isla del Sol, yaani Kisiwa cha Jua, upande wa Bolivia. Hakuna magari. Shukia kijiji cha Yumani, upande ngazi za Wainka, ulale juu. Magofu ya Wainka ya Chincana yako kaskazini, lakini mwaka 2017 ugomvi wa jamii za kisiwa kuhusu utalii uliifunga njia hiyo kwa muda mrefu. Uliza Copacabana kabla ya kupanda boti, na ukiambiwa imefungwa, usijipenyeze.

Ukiendelea La Paz, kule kwenye mlangobahari wa Tiquina, ziwa linapobana, abiria hushuka na kuvuka kwa boti ndogo, basi likivushwa peke yake juu ya pantoni ya mbao. Pasipoti na pesa shuka navyo.