Jinsi ya Kutoa Studi ya Ekzosi Iliyokatikia Kwenye Hedi ya Pikipiki

Pikipiki inayofika gereji ikitoa mlio wa kupasuka-pasuka kwenye shingo ya ekzosi, huku mapezi ya hedi (kichwa cha injini) yaliyo karibu yakiwa yametapakaa masizi meusi, mara nyingi ina studi moja iliyokatika, yaani kile kijiti cha chuma chenye nyuzi, kisicho na kichwa, kinachoishikilia ekzosi kwenye hedi. Mwenye pikipiki huomba nati ikazwe tu, kwa sababu kila siku ambayo chombo hakipo barabarani ni siku isiyo na hesabu ya kumpelekea tajiri. Fundi naye, akitaka kumridhisha mteja haraka, huchukua drili. Hapo ndipo hedi nyingi zinapoharibiwa. Studi mpya ni ya bei ndogo sana, lakini tundu la hedi likishatobolewa kombo, kazi ya nusu saa inageuka kuwa kazi ya siku nzima na mashine ya kukereza juu yake. Kwa hiyo katika mwongozo huu drili nimeiweka mwisho, na ninakuomba, fundi mwenzangu, uiache huko.

Kwanza tuelewe ni kwa nini studi inagoma. Studi ni ya chuma na hedi ni ya alumini. Maji na chumvi vikipenya kati yake, chuma kinaota kutu na alumini inatoa ungaunga mweupe, na vyote viwili vinaikaba studi ndani ya nyuzi zake. Sisi tunaofanya kazi mwambao tunaliona hili zaidi, na linaongezwa na tabia ya kuiosha injini ikiwa bado ya moto. Sababu ya pili haionekani upesi: bolti inayoshikilia bomba la ekzosi kwenye fremu huwa imedondoka, na uzito wote wa bomba, pamoja na mtikisiko wa barabara, ukabebwa na studi mbili nyembamba. Usipoirudisha bolti hiyo, studi mpya nayo itakatika.

Kabla ya kuanza, acha injini ipoe, chomoa waya za betri, funga koki ya mafuta na utoe tangi kabisa, kwa kuwa utatumia moto. Zungusha injini hadi pistoni iwe juu kwenye mgandamizo ili valvu ya kutolea moshi iwe imefunga, kisha ziba tundu la moshi kwa kitambaa kikavu ambacho ncha yake inaonekana nje, ili vipande vya chuma visiingie ndani. Kitambaa hicho kitoe kila utakapowasha moto, kisha ukirudishe hedi ikishapoa. Safisha eneo lote kwa brashi ya waya. Pima studi nzima iliyobaki: unene wake, na urefu wa sehemu iliyozama kwenye hedi. Pikipiki nyingi ndogo hutumia studi ya milimita 6 au 8, na kipimo hicho utakihitaji baadaye.

Hatua ya kwanza ni mafuta ya kulegeza kutu. Ya dukani yanafaa. Wapo pia wanaochanganya nusu asetoni na nusu oili ya gia za otomatiki, na mchanganyiko huo unapenya vizuri ila unashika moto kwa urahisi mno. Tia mafuta kwenye shina la studi, gonga ncha yake kwa nyundo ndogo mapigo mepesi kumi au kumi na tano, kisha uache. Mapigo hayo hayalengi kuvunja kitu. Kazi yake ni kuipasua kutu ili mafuta yapate njia. Rudia jioni na uiache ilale hivyo hadi asubuhi kama mteja anakubali. Mteja akieleweshwa gharama ya hedi, kwa kawaida hukubali.

Hatua ya pili ni ya studi iliyobakiza kisiki cha milimita 5 au zaidi. Futa mafuta yote kwanza, kisha uipashe moto hedi kwa tochi ya gesi, ukizungusha mwali kuizunguka studi bila kuilenga studi yenyewe. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, hivyo tundu linapanuka kuliko studi iliyomo. Hedi imefikia joto la kutosha pale tone la maji linapoiangukia na kurukaruka badala ya kutulia. Usiendelee zaidi ya hapo. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi, ile ya hedi mapema zaidi, na haibadiliki kuwa nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo macho hayatakuonya. Zima tochi, gusisha kipande cha mshumaa kwenye shina la studi, na utaona nta ikinywewa ndani kama wino kwenye karatasi. Sasa bana kisiki kwa vaisi gripu (koleo la kujifunga) iliyokazwa barabara.

Usiizungushe kwa kulegeza tu. Kaza kidogo sana, kisha legeza kidogo, kaza, legeza. Mkono wako ndio kipimo: studi inayojipinda bila kutembea huhisi kama mpira, inakufuata kisha inarudi ilikotoka, na hiyo iko karibu kukatika, kwa hiyo simama na upashe moto upya. Studi iliyoachia hutoa mlio mdogo wa "tik", na ungaunga wa rangi ya matofali hutoka shinani. Ukiuona ungaunga huo, ongeza mafuta hedi ikishapoa na uendelee kwenda mbele na kurudi nyuma, robo mzunguko kwa robo mzunguko, hadi studi itoke.

Kisiki kikiwa kifupi mno, au studi ikiwa imekatika sawasawa na uso wa hedi, nenda kwa fundi wa kuchomelea kabla ya kufikiria kutoboa. Juu ya studi ya milimita 6 weka nati ya milimita 8, ili tundu lake pana lipitishe moto hadi chini, na uchomelee ndani ya nati kuanzia katikati ya studi. Chuma cha kuchomelea hakishikani na alumini, hivyo tone dogo likigusa hedi halitaiunganisha na nati. Waya wa ethi (ule wa kurudishia umeme wa mashine ya kuchomelea) ubanwe kwenye injini karibu na kazi, na CDI (kisanduku cha umeme wa plagi) iwe imechomolewa. Subiri wekundu upotee, gusisha nta, kisha tumia spana kwa mwendo uleule wa mbele na nyuma. Nati ikibanduka, chomelea nyingine. Mara ya tatu si ajabu hata kidogo, kwani joto la kila jaribio linazidi kuilegeza kutu. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kuliko zote kwa studi iliyokatika chini.

Drili inabaki kwa studi iliyozama ndani ya tundu mahali ambapo nati haiwezi kufika. Hapa kila kitu kinategemea kupata katikati. Chuma ni kigumu kuliko alumini, na biti (ncha ya kutobolea ya drili) ikipata upenyo itakimbilia upande ulio laini. Mwombe fundi wa mashine ya kukereza akutengenezee kibushi cha chuma kinachokaa kwenye tundu la flanji ya ekzosi (bamba lenye matundu ya kupitishia studi), chenye tundu la milimita 3 katikati. Funga flanji kwenye studi nzima, ingiza kibushi upande wa studi mbovu, na biti itaelekezwa bila kuyumba. Fungia utepe kwenye biti kuonyesha kina ulichopima mwanzo. Toboa polepole kwa oili, kwanza milimita 3, kisha 4. Ukipata biti za kukata kwa kuzunguka kushoto, zitumie, kwa kuwa mara nyingi studi hujifungua yenyewe ikiwa bado inatobolewa. Kwa studi ya milimita 6 malizia na biti ya 5; kwa ile ya 8 malizia na 6.8. Kama uko katikati kweli, kinachobaki ni uzi mwembamba kama springi ambao unauvuta kwa sindano ya chuma, kisha unapitisha tepu (chombo cha kukatia nyuzi).

Kuhusu ekstrakta, ile skrubu ngumu inayokazwa ndani ya studi iliyotobolewa ili kuichomoa, ninaionya kwa sababu ninayoijua vizuri. Miaka yangu ya mwanzo niliikaza ekstrakta nyembamba kwenye studi ambayo moto haikuwahi kuuona, ikakatikia ndani. Chuma chake kimekomazwa, biti ya kawaida haikikati, na hedi ile ilibidi ifunguliwe yote na kupelekwa kwenye mashine. Studi iliyoshinda moto na nati haitatolewa na ekstrakta.

Tundu likiwa limeharibika, weka koili ya nyuzi (springi ya chuma inayokuwa nyuzi mpya ndani ya tundu) kwa biti na tepu zinazokuja na pakiti yake, maana vipimo vyake si vile vya tepu ya kawaida.

Studi mpya ifunge kwa nati mbili zilizokabana juu yake, ambazo utazitoa baadaye, ikiwa imepakwa grisi ya shaba, na uikaze kwa wastani tu. Weka gasketi mpya, shika nati zote mbili za ekzosi na bolti ya kwenye fremu kwa vidole kwanza, kisha kaza nati za hedi kwa zamu, kidogo kidogo, na bolti ya fremu mwisho. Kwa nati za milimita 6, nguvu ya kukaza ya nyutoni-mita (Nm) 10 hivi inatosha. Mwambie mwenye pikipiki airudishe asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, kwa sababu gasketi mpya hujibana baada ya joto la kwanza na nati huhitaji kukazwa tena kidogo.